Kanga Iliyokosa O

Nilipokuwa na duka la picha Ruwi, huku Omani, watu waliniletea wazee wao ndani ya bahasha. Wengi walikuwa Waomani wa Unguja kama mimi, wengine wa Bara, na picha zao zilifanana: nyeusi na nyeupe, pembe zimeliwa na mende, nyuma kuna gundi ya albamu, mbele kuna mtu aliyekwishakufa ambaye familia yake ilitaka awe mkubwa. Kila mtu alitaka mkubwa. Miaka ya tisini ilikuwa inamalizika, watu wanahamia nyumba mpya, na nyumba mpya zina kuta ndefu zisizo na kitu.

Mimi nilikuwa nimestaafu kazi ya serikali. Nilisoma mpaka sekondari, skuli ya Unguja, na Kiingereza nilichokipata huko kilinitosha kusoma kitabu cha maelezo kilichokuja pamoja na skana. Mke wangu alidhani nitachoka. Sikuchoka, na pengine ingekuwa bora ningechoka.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Picha unailaza kifudifudi juu ya kioo cha skana, kama mtu anayekandwa mgongo. Ikishaingia kwenye kompyuta unafuta mavumbi, unasawazisha weusi na weupe, unaikuza kwa kipimo cha karatasi, na mwisho kabisa unainoa. Kunoa hakuongezi kitu kwenye picha. Kompyuta inatafuta mahali weusi unapokutana na weupe, inazidisha weusi huku na weupe kule, na jicho linadanganyika, linadhani limeona zaidi. Ukinoa kupita kiasi, kila mtu anazungukwa na ukingo mweupe kama aliyechorwa kwa chaki. Ukinoa kidogo, karatasi inakunywa wino na picha inatoka imelala. Kwenye skrini lazima iwe kali kuliko unavyopenda, ndipo kwenye karatasi itakuwa sawa. Haya yote niliyajua. Nayaandika ili isidhaniwe kwamba niliharibu kwa kutojua.

Nilichokosa ni adabu ya kuacha. Nikiona doa nafuta, nikiona pengo najaza. Nimewapa watu nyusi ambazo Mungu hakuwapa. Mzee mmoja wa Sidab nilimpa sikio zima. Nilidhani lake limeliwa na mende, basi nikalichukua la upande wa pili, nikaligeuza, nikambandika. Wanawe walipokuja kuichukua picha walisogeza nyuso karibu na lile sikio. Mmoja akaniambia kwamba baba yao aling'atwa na punda alipokuwa mdogo, na sikio lile hawajapata kuliona maisha yao.

"Nikutolee?" nilimuuliza.

"Liache," akasema. "Limempendeza."

Hilo lilinipa kiburi badala ya kunitia hofu.

Baada ya hapo ndipo alipokuja mama mmoja, amenipita umri kwa miaka kadhaa, amevaa abaya nyeusi na miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alikaa bila ya kukaribishwa, akatoa bahasha, na ndani ya bahasha akatoa karatasi ya plastiki, na ndani ya plastiki kitambaa, na ndani ya kitambaa picha.

"Hawa nataka wawe wakubwa, fundi. Wakae ukutani majlis, pale wanapokaa wageni."

"Kwako?"

"Kwa mdogo wangu wa kike. Kajenga Al-Hail, ndo anahamia. Kwangu mimi hakuna ukuta, kuna makabati."

Ilikuwa picha ya uani, Unguja. Mwanamme wa makamo amekaa kitini, kanzu na kofia, mikono juu ya magoti. Kulia kwake kasimama mwanamke mnene kidogo, amejifunga kanga, jina la kanga, yale maandishi yake, limekaa mbele. Kushoto kwake kasimama msichana mwembamba aliyevaa gauni la kupendeza, anaitazama kamera kama aliyeitwa na mwalimu.

"Huyu mwenye kanga ndiye mama yangu," mteja wangu alisema. "Na huyu ni mama yake mdogo wangu. Ndiyo kwanza kaingia nyumbani wiki ile, ndipo baba akamwita mpiga picha."

"Wake wenza."

"Wake wenza, lakini usifikiri ya wengine. Mama yangu alimpokea kwa mikono miwili. Na yule maskini alipokufa, mdogo wangu hata kutambaa bado, mama yangu ndiye aliyemlea. Kamnywesha, kamuogesha, kamuoza. Mdogo wangu hajui mama mwengine ila huyu." Akaweka kidole juu ya picha, karibu na uso wa mama yake, bila ya kuugusa. "Sasa nataka awe nao wote wawili ukutani kwake. Hii ndiyo picha pekee waliyopiga pamoja."

Niliikubali kazi. Nyuso zilitoka vizuri. Baba alikuwa na kovu kwenye shavu, na kwa mara moja katika maisha yangu nililiacha. Kisha nikafika kwenye kanga.

Kila anayejua kanga anajua kwamba jina ndilo linalosema. Rangi ni ya mwenye kuvaa, jina ni la mwenye kuambiwa. Kwenye picha ile jina lilikuwa utepe wa kijivu tu. Nikaskani upya sehemu ile peke yake, kubwa kadiri mashine ilivyoweza, nikaanza kunoa. Kidogo, nikatazama. Kidogo tena. Herufi zikaanza kujitokeza kama watu wanaotoka kwenye ukungu: NYUMBA NI YA, halafu mkunjo mweusi wa nguo, halafu MGENI KARIBU. Ndani ya mkunjo hamkuwa na kitu isipokuwa, ukingoni kabisa, kipande cha chini cha herufi moja. Kipande cha duara, kama kitako cha kikombe.

Sikufikiri hata kidogo. Niliona YANGU. Nyumba ni yangu, mgeni karibu. Nilicheka peke yangu dukani. Ilikuwa kanga kali, ya mtu mwenye akili. Tusi lililovaa nguo ya adabu. Kisha nikafanya jambo ambalo wakati ule nililiona la ufundi mkubwa. Nilichukua N kutoka NYUMBA, G kutoka MGENI, U kutoka NYUMBA tena, nikazipanga ndani ya mkunjo, nikazitia kivuli, nikazinoa pamoja na nyingine. Sikubuni hata herufi moja. Zote zilitoka kwenye kanga ileile. Nilijisifu kwa hilo. Na kwa kuwa nilikuwa nimeridhika, nilihifadhi kazi yangu juu ya skani ya mwanzo, nikaifuta ile isiyo na herufi zangu. Kitabu cha maelezo kilikataza jambo hilo ukurasa wa mwanzo.

Nikaipeleka mtaa wa Ghala, kwenye karakana ya kuchapa picha kubwa, nikasimama juu ya mashine mpaka ikatoka yote. Herufi zilisomeka kutoka mlangoni.

Mteja wangu, yule dada mkubwa, alipokuja kuichukua alivaa miwani, akatazama nyuso. Akalia kidogo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mashallah," akasema, "hata jina la kanga limetoka!" Hakulisoma. Alikuwa anamtazama mama yake. Mimi nimesimama pale kama niliyezaa.

Zilipita wiki chache. Siku aliporudi hakukaa.

"Umefanya nini na kanga ya mama yangu?"

Nikamuuliza kuna nini. Akanieleza, amesimama, mkoba mkononi. Mdogo wake alisoma maulidi nyumba mpya, majlis ya wanawake imejaa, na picha iko ukutani juu ya kochi. Bibi mmoja, katika wale wasiojua kunyamaza wakiona maandishi, akainua kichwa akasoma kwa sauti: "Nyumba ni yangu, mgeni karibu. Haya, tushakaribia!" Wanawake wakacheka. Kisha mmoja akauliza aliyevaa kanga ni nani. Kisha mwengine akauliza na huyo msichana ni nani. Kisha hakuna aliyecheka.

"Mdogo wangu kaitazama picha, kanitazama mimi. Kasema, 'Kumbe.' Basi. Kumbe tu. Tokea siku ile simu yangu hapokei. Nimekwenda, mtumishi kaniambia kalala. Saa nne asubuhi, kalala!"

"Pengine—"

"Pengine nini? Maisha yake yote anaambiwa mama yake alipokewa kwa mikono miwili. Nani aliyemwambia? Mimi. Mama mwenyewe alikuwa hasemi haya, mimi ndiye nliyekuwa nasema. Sasa anaona mama aliyemlea kamvalia mama yake tusi, tena mbele ya kamera, na mimi nimelikuza nikamtundikia nyumbani kwake kama zawadi."

"Mama hakupata kukwambia kanga ile ilisemaje?"

"Nilikuwa mtoto, hata kusoma sijui. Kanga yenyewe ikaja ikawa tambara la kukoshea sakafu. Nani anaweka kumbukumbu za tambara?"

Alikuwa na picha ya asili ndani ya mkoba. Nikaichukua, nikaiweka chini ya taa, nikatoa lenzi. NYUMBA NI YA. Mkunjo. Kitako cha kikombe. MGENI KARIBU. Nilitazama kwa muda, na nilichokiona ni kwamba kitako kile kinaweza kuwa cha U na kinaweza kuwa cha O. Nyumba ni yangu, mgeni karibu. Nyumba ni yako, mgeni karibu. Kanga moja ni kofi, nyingine ni kumbatio, na kati yake ni mkunjo wa nguo usiozidi upana wa ukucha.

"Hebu nisomee," akasema.

"Sijui."

"Hujui vipi? Si uliandika wewe?"

"Nliandika. Ndo sijui."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtoto aliyekojoa msikitini. Nikamweleza herufi nilizitoa wapi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa, na alipokaa alikuwa amekwishapata dawa.

"Basi andika YAKO. Ichape, nimpelekee, umwambie mashine ilikosea. Khalas."

"Lakini sijui kama ni YAKO."

"Na YANGU ulikuwa unaijua?"

Aliinuka, picha ya asili akaiacha juu ya meza. Alipoondoka niliwasha kompyuta, nikajaribu. K ilikuwepo, kwenye KARIBU. O haikuwepo popote kwenye kanga ile, basi nikachukua U, nikaigeuza juu chini, nikaiunganisha na nyingine. Ilitoka O nzuri kabisa. Nikaitia kivuli, nikainoa. YAKO ilikaa ndani ya mkunjo kama iliyozaliwa humo. Ilikaa vilevile kama YANGU ilivyokaa. Ningeweza kuandika lolote pale, na lingekaa. Nilizima kompyuta bila ya kuhifadhi, na keshoye nikaenda Al-Hail, nimechukua picha ya asili na lenzi.

Mdogo mtu alikuwa wa rika langu. Alinifungulia mwenyewe, nadhani alidhani ni fundi wa mabomba. Nilipomwambia mimi ni nani hakufunga mlango. Alinipeleka majlis, akaacha mlango wazi, akakaa kochi la mbali. Picha ilikuwa pale pale ukutani. Nilitegemea ameitoa, au ameigeuza. Hakuigeuza.

"Umekuja kuitazama kazi yako?" akaniuliza.

"Nimekuja kukwambia kwamba yale maandishi ni yangu."

"YANGU ndiyo, nnaiona."

"Hapana, dada yangu. Neno hilo nimelitia mimi. Kwenye picha halimo."

Nikampa picha na lenzi. Aliinama juu yake muda mrefu. Nilimweleza mkunjo, kipande cha duara, U na O. Nilieleza vizuri kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayetumaini kwamba maelezo yakirefuka kosa litapungua.

"Kwa hiyo inaweza kuwa YAKO," akasema.

"Inaweza."

"Na inaweza kuwa YANGU."

"Inaweza."

"Dada kakutuma uje useme ni YAKO?"

"Alitaka niandike YAKO."

"Naam. Nnamjua." Alikaribia kutabasamu, akaacha. "Sasa niambie. Mbele yako kuna mawili. Kwa nini ukatia hili?"

Nilimwambia kwamba kwenye kanga hamkuwa na O. N ilikuwepo, G ilikuwepo, U ilikuwepo, lakini O ingebidi nibuni.

"Yaani mama yangu katukanwa kwa sababu O hazikutosha?"

Mtumishi alileta kahawa na tende, na wote wawili tukangoja amalize kumimina. Alipotoka nilisema kweli, kwa sababu nilikuwa nimekwishamaliza mengine yote. Nilimwambia kwamba O sikuitafuta. Niliona YANGU kabla ya kutafuta chochote. Kwetu tulikuwa nyumba ya wake wawili, na mama yangu hakupata hata siku moja kumtukana mke mwenzake kwa mdomo. Alikuwa na kanga. Herufi za kizungu hakuzijua, basi mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea dukani, jina moja baada ya jingine, mpaka lipatikane la kuuma. Nikirudi skuli nakuta uani wanawake wawili wanapepeta mchele, hakuna anayesema neno, na nguo zao zinagombana. Nilikua nikidhani ndivyo zilivyo nyumba zote. Nilipoona mke mkubwa, mke mdogo na kanga, sikusoma. Nilikumbuka.

Aliweka kikombe chini.

"Basi hii kanga si ya kwetu," akasema. "Hii ya mama yako."

"Ndivyo."

"Ichukue."

Sikumfahamu.

"Ichukue, nnakwambia. Nimekaa na kanga ya watu ukutani kwangu siku zote hizi, nimemwacha dada yangu mlangoni kwa ajili yake. Mama alinilea mpaka nikaolewa, na mimi nikamhukumu kwa picha, tena ya fundi wa Ruwi. Panda juu ya kochi. Vua viatu kwanza."

Nikavua viatu, nikapanda, nikaishusha. Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Wakati nimeikumbatia, sioni mbele, nilimsikia anapiga simu. "Njoo," akasema. Kisha: "Njoo tu, usiniulize." Kisha: "Na usilete halwa ya matanga, sijafa."

Fremu haikuingia kwenye gari. Niliikalisha viti vya nyuma, haikukubali. Nikailaza ndani ya buti wazi, ikatoka nje nusu. Nilikuwa bado natafuta kamba dada mkubwa alipofika, ameendeshwa na mjukuu wake. Akateremka, akanitazama, akaitazama picha ya wazazi wake imelala ndani ya buti langu na jua linawapiga usoni.

"Umemwambia YAKO?"

"Nimemwambia sijui."

"Wewe mwanamme una wazimu," akasema, akaingia ndani.

Madirisha ya majlis yalikuwa wazi. Sikukusudia kusikiliza, lakini kamba ilikuwa fupi na kazi ikachukua muda. Walianza kwa kugombana. Mdogo alisema mkubwa siku zote anapenda kupaka mambo samli. Mkubwa alisema mdogo tokea utotoni ana roho ndogo kama punje ya uwatu. Mdogo akasema kama ana roho ndogo ni kwa malezi. Mkubwa akasema malezi hayo ndiyo aliyolelewa yeye pia. Kisha nikasikia sauti ya mmoja wao analia, na sauti zao zilikuwa zinafanana sana hata sikujua ni yupi. Nikafunga kamba na kuondoka.

Ile picha ninayo mpaka leo. Siwezi kuitundika, si jamaa zangu. Siwezi kuitupa, ni baba wa watu. Iko nyuma ya kabati, na mke wangu kila akisafisha huniuliza hawa ni nani, na mimi humwambia ni wateja.

Nilimtengenezea mdogo mtu nyingine. Nilianza upya: skani mpya, mavumbi, weusi na weupe. Nyuso nilizinoa, kanga sikuigusa. Kule Ghala mchapishaji aliniuliza kama nimesahau sehemu ile ya chini, nikamwambia sikusahau. Ilitoka utepe wa kijivu, kama ilivyokuwa. Picha nyingine zote nilizojaza kabla ya hapo, sijui ziko kwenye kuta gani na zinasema nini. Duka nilikuja kulifunga baada ya miaka michache, si kwa sababu ya toba. Kila nyumba ilikuwa imekwishapata skana yake.

Kabla sijalifunga nilialikwa Al-Hail mara moja, kwenye futari. Dada mkubwa alikuwepo. Walisema alikuwa amekuja kwa siku mbili, akakaa mpaka nguo zake zikawa na kabati. Nilikuwa namalizia uji nilipomsikia analalamika kwamba chumba anacholala kina baridi, kiyoyozi kinampiga kichwani, na mito ya nyumba ile ni migumu. Mdogo wake aliinua mkono wenye kijiko, akauelekeza kule ukutani, kwenye utepe wa kijivu wa kanga.

"Soma pale," akasema.

Dada mkubwa hakugeuka hata kutazama. "Pale hapajaandikwa kitu," akasema. "Nipe sambusa."